Ndoo Ile Haina Maji

Nikimwambia mtu kwamba naandika na kuongoza filamu za katuni, swali linalofuata karibu kila mara ni la mashine: unatumia programu gani, kompyuta yako ina nguvu kiasi gani, uliisomea wapi. Vijana wa Kigoma huniuliza hivyo, na wa Dar es Salaam vilevile. Naelewa kwa nini. Kompyuta ni ghali, na shule za fani hii nchini mwetu ni chache. Lakini nimeona filamu nyingi zikifia mikononi mwa watu wenye mashine nzuri kabisa, kwa sababu aliyechora hakuwahi kukaa chini akamtazama mtu akifanya kazi.

Jambo hilo nilifundishwa na bibi yangu kule Mwandiga, Kigoma, kabla sijajua kwamba kuna watu wanaolipwa kwa kuchora picha zinazotembea. Jioni moja tulikuwa kwa jirani mwenye televisheni, likapita tangazo la katuni kuhusu maji safi. Mama wa kuchorwa anatoka kisimani, ndoo kichwani, anatabasamu, mikono yote miwili inayumba huku na huku, shingo inacheza. Bibi aliangalia mpaka likaisha, kisha akasema, "Ndoo ile haina maji." Jirani akacheka, akamwambia, "Bibi, hiyo ni picha tu." Bibi hakucheka. "Hata kama ni picha," akasema, "mwanamke yule hajabeba kitu."

Bibi alikuwa amebeba vitu maisha yake yote. Mwandiga ni njia panda: magari ya Manyovu yanapita hapo, ya Kasulu yanapita hapo, na soko linakusanya mawese, ndizi, mihogo, nanasi, na dagaa wanaopanda kutoka ziwani. Dumu la lita 20 la mawese lina uzito wa kilo 18 hivi. Mwanamke akilitwika, mwili wake wote unabadilika. Shingo inanyooka na kutulia, macho yanaangalia mbele kidogo, kichwa hakigeuki. Akiitwa, hugeuka mwili mzima. Nyonga ndizo zinazofanya kazi ya kunyonya mtikisiko ili mafuta yasipigepige ndani ya dumu. Hatua zinakuwa fupi na za haraka. Mkono mmoja unaweza kupanda kugusa dumu kwenye kona, si kwa kulishika bali kwa kuliuliza kama bado liko sawa. Bibi alijua yote hayo kwa mwili wake, na ndiyo maana mchoro wa mtu asiyemjua haukuweza kumdanganya hata kwa sekunde chache.

Nilianzia kwa fundi wa mabango. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, akichora kuta za saluni, milango ya maduka ya dawa, majina ya magari. Sisi vijana tulimsafishia brashi na kumjazia rangi ndani ya herufi alizokwisha kuzipima. Kwa kinyozi wa jirani yake kulikuwa na nakala zilizochakaa za jarida la Sani, na humo ndimo nilimokutana na Ndumilakuwili, Lodilofa na Pimbi. Watu hudhani michoro ile ilinifundisha kuchora. Zaidi ilinifundisha kuandika. Mhusika wa katuni ana kiputo kimoja cha maneno na namna moja ya kusimama. Katika hivyo viwili lazima umjue ni mwongo, ni mvivu au ana njaa. Mpaka leo nikiandika mswada nikaona mhusika anahitaji aya nzima ya maelezo ili aeleweke, najua bado simfahamu.

Dar es Salaam niliingia katika kazi hii kwa mlango wa chini, kama mchoraji wa picha za kati. Nieleze kidogo, maana watu wengi huiona katuni bila kujua inavyoshonwa. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24. Mara nyingi tunachora 12 tu, kila mchoro ukikaa kwa fremu mbili, na jicho linakubali. Hata hivyo dakika moja ni michoro 720. Mchoraji mkuu huchora mikao mikubwa: mtu ameinama, mtu ameinua, mtu amesimama na mzigo. Mdogo wake huchora kilichomo katikati. Wengi huidharau kazi hiyo, lakini uzito unakaa katikati hapo. Kama michoro ya mwanzo wa kuinua imesongamana, kila mmoja ukitofautiana na mwenzake kidogo sana, mtazamaji anahisi kitu kinagoma kuondoka ardhini. Ukiitawanya kwa nafasi sawa, gunia la mihogo linapaa bila uzito wowote. Kabla ya kupanda, mwili hushuka kwanza. Mbebaji yeyote wa soko la Mwandiga anajua hilo, na mchoraji asipoliweka, mtazamaji ataona kuna kitu si kweli ingawa hataweza kukitaja.

Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa studio ya Disney, walichapisha kitabu kiitwacho The Illusion of Life, wakaeleza kanuni 12 za kazi hii. Nilipokipata nilikisoma kwa heshima kubwa, na bado nakiheshimu. Karibu kila ukurasa nilimsikia bibi. Walichokiandika wale wazee ni matokeo ya kutazama kwa miaka mingi: mwili unajibana na kunyooka, nguo na nywele huchelewa kusimama mwenye nazo anaposimama, kila tendo lina maandalizi yake. Kanuni ni za watu wote. Lakini mwendo wenyewe una kwao, na hapo ndipo kitabu kinapomwachia kazi msomaji wa Kigoma.

Nikiwa na nafasi ya kurudi nyumbani, mahali pa kwanza ninapokwenda na daftari ni kwenye mashine ya mawese. Chikichi zikishachemshwa hutiwa ndani ya pipa lenye mhimili, na juu yake kuna mti mrefu wa kusukuma. Watu wanauegemea na kuzunguka. Mzunguko wa kwanza ni mgumu: vifua viko karibu na mti, visigino vinatafuta ardhi, hakuna anayeongea. Chikichi zikianza kupondeka miguu inapata mdundo, mtu anaanza utani, mwingine anaimba, na mgongo wa kila mmoja unasema umri wake. Kijana anasukuma kwa mabega. Mzee anasukuma kwa uzito wa mwili, anaulalia mti na kuuacha umbebe. Baadaye akina mama wanakaa kupasua kokwa kutoa mise, jiwe juu ya jiwe, macho yakiwa kwa mtu wanayezungumza naye na vidole vikijua vyenyewe pa kuwa. Ukiweza kuchora mikono ile ikifanya kazi bila kutazamwa na mwenyewe, umeshaandika nusu ya maisha ya mama yule. Hakuna maneno ya mswada yatakayoongeza chochote.

Sisi watu wa Kigoma tumeishi karibu na somo kubwa la kutazama. Julai 1960 Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini ya mji wetu, akiwa na umri wa miaka 26, bila shahada ya chuo kikuu. Alikaa na kutazama. Mwaka huohuo alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akiingiza unyasi kwenye kichuguu na kuwatoa mchwa, na dunia ikalazimika kufikiri upya juu ya nani anatumia zana. Nikiwafundisha vijana nawaambia: kilichomwezesha ni darubini ya mkononi, daftari na kutoondoka. Mwenye daftari na kutoondoka amekwisha kuanza kazi ya katuni.

Wenzetu wa mbali waliielewa thamani ya kutazama huku kwetu kabla yetu. Wakati wa kuitengeneza The Lion King, iliyotoka mwaka 1994, timu ya Disney ilisafiri hadi Kenya, ikachora mandhari ya Hell's Gate na kuangalia wanyama. Simba wa filamu ile wanatembea kwa uzito wa kweli, mabega yakipishana, kichwa kikiwa chini. Ni kazi bora, nami nimeirudia mara nyingi nikijifunza. Majina yao ni ya Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa. Ila katika filamu nzima hakuna mtu hata mmoja. Mwendo wa simba wetu umeandikwa vizuri kuliko mwendo wa mama zetu, na kazi ya kusawazisha hilo ni yetu, si yao.

Wapo walioianza. Nchini Niger, Moustapha Alassane alitengeneza Bon voyage Sim mwaka 1966, rais wa nchi ya vyura akifunga safari ya kiserikali, wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba Mwafrika angeweza kuifanya kazi hii. Wa karibu zaidi na moyo wangu ni Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Kasai, katika nchi ile ambayo milima yake tunaiona ng'ambo ya ziwa hewa ikiwa safi. Filamu yake ya mwaka 1991, Le crapaud chez ses beaux-parents, imetokana na ngano ya Watetela, chura anayekwenda ukweni. Kwenda ukweni! Kila mtu wa upande wetu anajua mwili wa mtu anayekwenda ukweni: anavyopunguza mwendo akikaribia uani, anavyokaa kwenye ukingo wa kiti, anavyokula. Kibushi hakuhitaji kuagiza kisa kutoka nje. Studio yake, Malembe Maa, aliipeleka kwa watu, na baada ya uporaji uliotikisa Kinshasa Septemba 1991 akatumia michoro ya watoto kusimulia waliyoyaona. Nimewahi kuwaonyesha vijana michoro ya aina ile, wakanyamaza, kisha mmoja akauliza kama na wao wanaruhusiwa kuchora mambo yaliyowatisha. Nikamjibu ndiyo, kwa kuwa mkoa huu umepokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa, na si kila mtoto wa darasa letu alizaliwa upande huu wa ziwa.

Kutoka Kenya, Ng'endo Mukii alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 akiwa Royal College of Art, London. Ni filamu kuhusu mkorogo na macho tunayojitazamia ngozi zetu wenyewe, na mwili wa mwanamke ndio unaoisimulia kuliko maneno. Kutoka Uganda, Raymond Malinga alichukua Kalabanda, zimwi la mabwenini ambalo wanafunzi wa Uganda wametishana nalo miaka mingi, akalifanyia filamu mwaka 2017. Wote wawili wamo katika Kizazi Moto, filamu fupi 10 zilizotoka Julai 2023 kupitia Disney+, zikisimamiwa na Triggerfish ya Cape Town. Malinga aliweka humo wachunga ng'ombe wa Uganda ya wakati ujao, na ng'ombe wale wana pembe za kwao na wachungaji wana fimbo na subira ya kwao. Mkusanyiko una jina la Kiswahili, lakini kati ya waongozaji wake hakuna Mtanzania. Jambo hilo huniuma, na silitaji ili kumlaumu mtu. Nalitaja ili kijana wa Mwandiga ajue kwamba kiti kiko wazi.

Kuhusu mashine, nina mfano mmoja ninaoupenda. Gints Zilbalodis wa Latvia, nchi ndogo isiyo na majina makubwa ya katuni, aliitengeneza filamu yake ndefu ya kwanza, Away, peke yake. Ya pili, Flow, aliiongoza akiwa na timu ndogo, ikatengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure, na mwaka 2025 ikapata Oscar ya filamu bora ya katuni. Haina neno hata moja. Sauti zake ni za wanyama halisi, na pale sauti ya kapibara ilipoonekana haifai wakatumia ya mtoto wa ngamia. Mtu aliyesikiliza kiasi hicho ndiye mwandishi, hata kama hakuandika mazungumzo. Hayao Miyazaki wa Japani naye huandika kwa kuchora: storibodi yake ndiyo mswada, na mara nyingi kazi huanza kabla yeye hajajua filamu itaishaje. Katika fani hii uandishi na uongozaji havitengani, maana kalamu inayoamua mhusika atasema nini ndiyo inayoamua atavuta pumzi lini.

Na hapo lugha inaingia. Mara nyingi sauti hurekodiwa kwanza, mchoro unafuata. Vitabu vya kigeni vina chati za midomo, na wengi wetu tulizinakili zilivyo. Lakini Kiswahili kinatembea kwa irabu. Karibu kila silabi inafungua kinywa, halafu ghafla inakuja "m" ya "mtu" au "mtoto", silabi kamili inayotamkwa midomo ikiwa imefungwa. Mchoraji anayefuata chati ya Kiingereza hufungua kinywa pale pasipostahili. Tena mswada ukiandikwa kwa Kiingereza kisha ukatafsiriwa, maneno huzidi muda, na msomaji wa sauti anakimbizwa mpaka mhusika anapoteza pumzi. Kwa hiyo nasifu kazi ya shirika la Ubongo, walioanza kipindi cha Ubongo Kids TBC1 mwaka 2014 na kisha wakatuletea Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Mtoto wa Kitanzania anakisikia Kiswahili kilichozaliwa pamoja na mhusika, hakikubandikwa baadaye. Natamani nasi tuongeze sauti za mikoa. Mzee wa Ujiji hasemi kama kijana wa Kariakoo, wala muuza dagaa wa Kibirizi.

Kuhusu fedha nitasema machache. Kazi nyingi zinazolipa ni matangazo na filamu za mafunzo: malaria, kunawa mikono, chanjo. Nimezifanya kwa moyo mweupe, kwa sababu mtoto anayejifunza kutumia chandarua kupitia katuni ni mtoto aliyehudumiwa. Ila soma mkataba. Kampuni moja iliwahi kuniletea karatasi ambayo ingeipa mhusika wangu milele, kwa malipo ya kipindi kimoja. Nilikataa, na miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kijana akisajili kazi yake kabla ya kuipeleka kwa mteja ana pa kusimama. Mhusika uliyemtazama kwa miaka mingi sokoni kwenu hafai kuondoka kwa saini moja.

Siku hizi nikiwa Mwandiga nakutana na watoto wakati wa likizo. Hatutumii kompyuta mwanzoni. Nawasimulia Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata vivuli vya karatasi nyeusi kwa mkasi na kuvipiga picha moja moja juu ya kioo chenye mwanga chini yake, kuanzia mwaka 1923 hadi filamu yake ndefu ilipotoka mwaka 1926. Watoto hawaamini kwamba ni ya zamani hivyo. Kisha tunachukua boksi, mkasi, kioo cha dirisha kilichowekwa juu ya matofali, taa, na simu iliyofungwa kwa kamba juu. Kabla ya kukata chochote, kila mmoja anakwenda sokoni kumtazama mtu mmoja tu. Anarudi, na anatakiwa aigize mwendo ule mbele ya wenzake bila kusema ni nani. Wakimtambua, ndipo anapewa mkasi. Binti mmoja alimwigiza muuza nanasi anayehesabu chenji huku akimwangalia mteja mwingine asiondoke. Wenzake wote wakataja jina la mama yule kwa pamoja.

Filamu ninayoiandika sasa ina salamu. Kwa Waha salamu huja na makofi: viganja vinakutana kwa sauti ya chini, magoti yanalegea, mwili unainama, na maswali yanafuatana, ya nyumbani, ya watoto, ya shamba, huku makofi yakijibu. Kijana hupiga na kusimama upesi, mwenye umri huchelewa kuinuka, na katika kuchelewa kule kuna heshima anayoitoa na anayoidai. Mfadhili mmoja aliomba niifupishe, akisema watazamaji wa nje watachoka. Nilimwandikia nikamweleza kwamba katika salamu hiyo ndipo mhusika wangu anapogundua kuwa shangazi yake anaumwa, kwa sababu makofi ya shangazi yamekuwa mepesi kuliko ya mwaka jana. Ukiikata, hadithi haina mahali pa kuanzia. Aliisoma storibodi upya, akakubali ibaki nzima.

Kilichobaki ni sauti ya shangazi. Niliowajaribu Dar es Salaam wanasoma vizuri, lakini wanasalimia haraka. Nimeambiwa kuna mama Ujiji anayeuza mise na mafuta yake, mzungumzaji mzuri, anayejua kumsimamisha mtu njiani kwa maswali. Safari hii nitakwenda kumtafuta, nimsalimie kwanza kama inavyotakiwa, nikae anapouza, na kinasa sauti nisikitoe mpaka yeye mwenyewe aulize nimekuja kufanya nini.